Umefika Nchi Ngapi?

Wasafiri wa zama hizi wana mchezo wanaoupenda sana wakutanapo. Mmoja humuuliza mwenzake amefika nchi ngapi, na mwenzake hutaja idadi. Kisha hutaniana, hubishana, na aliyeachwa nyuma huapa kwamba kabla ya mwaka kwisha atakuwa amempita rafiki yake. Ni mashindano ya kirafiki, hayana tuzo wala mwamuzi. Walakini ndani yake mna swali lisilokwisha kwa mzaha: mtu asemapo "nimefika", amefika wapi, na amefika kwa nani?

Hesabu yenyewe ni ya kutatanisha. Umoja wa Mataifa una wanachama 193, lakini chama cha wasafiri kiitwacho Travelers' Century Club, kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1954, hakitosheki na idadi hiyo. Humpokea aliyefika nchi na maeneo yasiyopungua 100, na orodha yake imepita 300, kwa kuwa visiwa vingi huhesabiwa mbali na dola zao. Zanzibar imo katika orodha hiyo, peke yake, mbali na Tanzania Bara. Kwa mujibu wa hesabu hiyo, mchuuzi anayepanda boti asubuhi bandarini Malindi, Unguja, akashuka Dar es Salaam na kurudi jioni, ni msafiri wa nchi mbili kila siku ya kazi, na hajatokea mtu wa kumpongeza. Kanuni za chama zasema pia kwamba hata meli ikitia nanga kwa muda mfupi, au ndege ikitua kujaza mafuta tu, yatosha: nchi imehesabiwa.

Aliyekwenda Juba kabla ya tarehe 9 Julai 2011 alikwenda Sudan. Leo aweza kudai kwamba amefika Sudan Kusini, ilhali hakuinua tena mguu wake. Kinyume chake, Mzanzibari aliyevuka kwenda Tanga mwezi Januari 1964 alitoka nchi moja akaingia nyingine. Baada ya tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, bahari ni ileile na jahazi pengine ni lilelile, lakini mpaka wa dola haupo. Hesabu yake ilipungua naye yu barazani anakunywa kahawa. Vatikani, isiyofika nusu ya kilomita moja ya mraba, huongeza moja, kama inavyoongeza moja Kongo yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili. Kinachohesabiwa basi si ardhi wala si watu, bali ni mihuri ya dola. Nayo mihuri haigawiwi sawa. Mwenye pasi ya Ujerumani hufunga begi leo akaondoka kesho; kijana wa Mombasa au wa Moroni hukusanya taarifa za benki, barua ya mwajiri na ada ya viza, kisha husubiri. Wawili hao wakiketi meza moja kulinganisha idadi zao, mmoja anahesabu alikopenda kwenda na mwingine anahesabu aliporuhusiwa. Utani huo wataka busara.

Lakini dosari yenye uzito zaidi ni kwamba hesabu hii haina mahali pa kuandika kurudi. Nchi iliyokwisha kutiwa alama haiongezi kitu ikiendewa mara ya pili, wala ya kumi. Mwenye likizo ya wiki mbili na nauli ya safari moja akijiuliza kama arudi kwa wenyeji waliompokea mwaka juzi au aende asikokujua, mchezo umekwisha kumjibu.

Pwani hii ilijengwa na watu waliorudi. Kaskazi ilipoanza kuvuma, mnamo Desemba, majahazi yalitoka Sur, Maskati, Mukalla na Kutch yakashuka hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ilipoingia, mnamo Aprili, yakageuza tanga. Hapakuwa na kuharakisha, kwani upepo ndio uliopanga siku za kwenda na za kurudi. Nahodha alikaa wiki, pengine miezi. Alijua nani anadaiwa, nani ameoa, mtoto yupi amezaliwa tangu msimu uliopita. Miaka 30 ya kazi yaweza kumpa nchi saba au nane. Mbele ya kijana mwenye 60, nahodha huyo angeonekana mtu wa ndani. Wala haifai kuyapamba majahazi hayo kupita kiasi: katika karne ya 19 mengine yalirudi mwaka hadi mwaka kuchukua watumwa. Kurudi nako, kwa hiyo, hakumfanyi mtu kuwa mgeni mwema.

Wala haraka peke yake haimharibu. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325, naye ana umri wa miaka 21, akakusudia kadiri awezavyo asipite njia moja mara mbili. Wahesabuji wa leo wangeweza kumwita babu yao. Alipofika pwani hii, mnamo mwaka 1331, Mombasa alilala usiku mmoja tu. Lakini usiku ule ulimtosha kuona misikiti ya mbao iliyojengwa madhubuti, visima penye milango yake, watu wakiosha miguu na kuifuta kwenye mkeka kabla ya kuingia, na ndizi na samaki kuwa chakula chao. Mogadishu alikumbuka tambuu na popoo alizopewa, na wali wa samli. Kilwa alimkumbuka Sultani Hassan bin Suleiman, aliyevua nguo zake akampa fakiri aliyemwomba njiani. Habari hizo zilipokamilika kuandikwa mwaka 1355, ilikwisha kupita miaka zaidi ya ishirini, na wenyeji wake wangali wamo.

Wahesabuji wa kirafiki nao wana utetezi wao, na ni utetezi wa haki: baina ya marafiki idadi ni mlango wa mazungumzo. Anayesema 40 huulizwa papo hapo: kule ulikula nini? Alikupokea nani? Mlisemezana kwa lugha gani? Wapo wenye 40 wanaoweza kujibu kwa nchi tano. Nyingine 35 wanazikumbuka kwa viwanja vyake vya ndege. Rafiki wa kweli huuliza hata hivyo, na hucheka pamoja na mwenzake anapokosa la kusema.

Mwenyeji naye ana hesabu yake. Muuza maji ya miwa wa Forodhani huona usiku mmoja nyuso za nchi nyingi bila kuondoka penye mashine yake. Wengi hupita, hulipa, huenda zao, naye hana kinyongo. Lakini akitokea aliyekuja mwaka jana, humtambua kwa mbali, huanza kukamua miwa kwa tangawizi na ndimu kabla ya kuagizwa, na humuuliza: "Yule mama yako uliyekuja naye, hajambo?"