Mgonjwa Asiye na Jeraha na Mkubwa Asiyesadiki

Katika darasa yetu imeletwa mas-ala ambayo tumeona si vyema kuyajibu kwa mdomo yakaishia pale pale, kwani yanawagusa vijana wengi wa kwetu wanaotafuta riziki mbali na nyumba zao. Kijana mmoja wa pwani, karani katika afisi moja mjini Eldoret, amekuwa kwa miezi mingi akifanya kazi ya watu wawili, baada ya mwenzake kuondoka na asitiwe mwengine mahali pake. Usingizi ukamkimbia, chakula kikamshinda, ikawa kila akifika mlangoni pa afisi mikono humtetemeka. Akaenda hospitali, na daktari akamwandikia cheti cha kupumzika. Alipokipeleka kwa mkubwa wake, mkubwa alikisoma, akamtazama kutoka kichwani hata miguuni, kisha akamuuliza: "Unaumwa wapi?" Kijana hakuwa na pa kumwonyesha. Akaambiwa kwamba kila mtu ana mawazo, na kwamba akenda kulala nyumbani asistaajabu akirudi akikikuta kiti chake kina mtu. Basi akarudi mezani kwake. Sasa auliza: je, alikuwa na haki ya kwenda kupumzika, au ni kweli kwamba maradhi ya fikira si maradhi, na mshahara wa siku hizo ungalikuwa haramu kwake?

Twaanza na yule mkubwa, kwani si haki kumhukumu mtu kabla ya kuisikiza hoja yake. Yeye amewekwa juu ya mali isiyokuwa yake, na ataulizwa juu yake. Hapana shaka amekwisha danganywa. Wako watu wanaougua kila Jumatatu na kupona kila Jumanne, na wako wanaonunua vyeti kama wanunuavyo tikiti ya basi. Mtu aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo. Kwa hivyo kushuku kwake kuna asili, wala hatusemi kwamba kila mkubwa anayeuliza ni dhalimu.

Lakini natuitazame ile suali yake. "Unaumwa wapi?" maana yake ni: nionyeshe nipate kusadiki. Je, ndivyo awafanyiavyo wagonjwa wengine? Mfanyakazi mwenye presha humwonyesha nini? Mwenye vidonda vya tumbo humfungulia tumbo? Mwenye sukari humwonjesha damu yake? Hao wote huleta karatasi, naye huisadiki karatasi, akatia sahihi na kuwaombea afueni. Basi si kweli kwamba hakusadiki kwa kuwa hakuona, kwani katika maradhi mengi haoni kitu na husadiki. Amekataa kwa sababu alikwisha kata shauri, kabla cheti hakijafika mezani kwake, kwamba maradhi ya namna hii hayako.

Na hili shauri hakulikata peke yake. Sisi wenyewe tumemsaidia. Ni wangapi miongoni mwetu, mtu akisema moyo wake umemwelemea, humwambia kwamba ni uchache wa imani, aswali tu yatamwondoka? Ni wangapi, wakisikia kijana ameonana na daktari wa akili, humcheka wakasema huyo karibu atapelekwa Port Reitz au Mathari, kana kwamba hapana daraja yoyote baina ya kuchoka na kuvua nguo barabarani? Swala ni dawa, hatuna shaka na hilo. Lakini aliyevunjika mguu humwambii aswali tu asiende kufungwa mti. Humwambia aswali hali amekaa, na mguu atibiwe.

Wanaosema huzuni ni uchache wa imani, twawakumbusha kisa cha Nabii Yaakub katika Sura ya Yusuf. Huyu ni Mtume, na imani yake haina wa kuitilia shaka, na juu ya hayo huzuni ya kumpoteza mwanawe ilimfika mwilini hata macho yake yakawa meupe asione. Na ni nani waliomlaumu kwa kuhuzunika kupita kiasi, wakamwambia kwamba atajimaliza? Ni wale wale wanawe, ambao kwa mikono yao walimtia Yusuf kisimani. Tumekisoma kisa hiki mara nyingi, na huenda wengi wetu hatukukizingatia hapa: wenye kumlaumu mzee kwa ugonjwa wake ndio waliomuuguza.

Hapa ndipo lilipo fundo la mas-ala haya. Mtu akipatwa na malaria, mkubwa wa kazi hana la kuulizwa. Mbu si wake. Lakini mtu akiangushwa na mzigo wa kazi, na mzigo huo aliyempa ni mkubwa, basi mkubwa amekwisha kuwa upande mmoja wa kesi. Vipi tena atakuwa ndiye shahidi, na ndiye daktari, na ndiye kadhi? Kukiri kwamba yule karani ni mgonjwa ni kukiri pamoja nayo kwamba kiti kilichoachwa wazi miezi mingi kilipasa kutiwa mtu. Ni rahisi zaidi kusema kwamba ugonjwa hauko. Hatusemi kwamba kila mkubwa husema hivyo kwa makusudi. Nafsi ya mtu ina hila ambazo mwenyewe hazijui.

Wala haya si maneno mapya yaliyoletwa na wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na ndani yake aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kushughulikia mwili na kuiacha nafsi. Akaeleza kwamba viwili hivi vimefungamana, kikiugua kimoja na cha pili huumia, na akazitengea mlango mbali mbali ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, na dawa ya kila moja. Zaidi ya miaka 1000 imepita, na sisi bado twauliza kama kuna kitu hicho.

Wengine wenye kusoma watatujibu kwamba hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa maelezo yake mwaka 2019 juu ya kule kuchoka kabisa kunakoletwa na kazi, halikukuita maradhi. Ni kweli, na anayeitoa hoja hii na aisome mpaka mwisho. Shirika hilo lilisema kwamba ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi usiokabiliwa vyema. Basi kama si maradhi ya mtu, ni kasoro ya mahali pa kazi, na mkubwa amejitoa katika shimo moja akaingia katika jengine. Isitoshe, hali hiyo ikiachwa yaweza kuandamana na sonona au hofu ya kudumu, na hayo ni maradhi kwa itifaki ya madaktari wote. Kupambanua lipi ni lipi ni kazi ya daktari. Mafakihi walipomruhusu mgonjwa kutayamamu kwa kuogopa madhara ya maji, walilitegemea neno la tabibu mwaminifu. Hatukuona mahali waliposema amuulize tajiri wake.

Na sharia ya nchi imekwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 30, inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Hicho ndicho kiwango cha chini, na mapatano ya kazi mara nyingi huzidisha. Sharti zake ni kwamba mfanyakazi ampe mwajiri khabari mapema iwezekanavyo, na alete cheti cha mganga aliyehitimu. Sheria haikusema ugonjwa wa mwili uonekanao kwa macho. Wala haikumpa mkubwa kazi ya kupima. Imemweka daktari katikati ili mmoja asilazimike kuvua nguo na mwengine asilazimike kukisia, na kama mkubwa anakishuku cheti, njia yake ni kuuliza kama kweli kimetoka hospitali hiyo, si kumtazama mtu usoni.

Twarudi kwenye hofu ya kudanganywa, kwani hiyo ndiyo inayowafanya hata watu wema kuwa wagumu. Mkubwa aliyeletewa cheti yuko baina ya makosa mawili. Aweza kumsadiki mwongo, na hasara yake ni siku chache za mshahara. Na aweza kumkadhibisha mkweli. Hapo hasara ni nini? Huenda ikawa ni mtu kuvunjika kabisa asifae tena kazi yoyote. Huenda ikawa ni nyumba kuvunjika, au uhai. Wanavyuoni wetu wamekubali, katika mambo makubwa kuliko haya, kwamba kadhi akikosea kwa kusamehe ni bora kuliko akikosea kwa kuadhibu. Ikiwa hivi ndivyo ilivyo katika jinai, sembuse katika mapumziko ya wiki moja?

Na Eldoret, kuliko miji mingi, yapasa ilijue hili. Mji huu, uliopandishwa daraja kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, una viwanda, mabenki, vyuo, na hospitali kubwa ya rufaa ya Moi, ambayo ilianza kama hospitali ndogo mwaka 1917, na matibabu ya akili yamo katika kazi zake. Anayetaka daktari hana haja ya kwenda mbali. Lakini ni mji ulioona pia mambo ya kutisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kanisa la Kiambaa, karibu na mji, lilichomwa moto tarehe 1 Januari 2008 hali watu wamo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Waliokuwa watoto siku zile leo ni watu wazima walioajiriwa. Wanakaa katika meza za afisi na mashine za viwanda, na hapana aonaye walichokibeba. Mkubwa wa kazi katika mji kama huo akisema kwamba kisichoonekana hakiko, amesahau anasema wapi.

Sasa tumjibu aliyetuuliza. Haki ya kupumzika alikuwa nayo, na mshahara wa siku hizo ni wake, kwani ni sehemu ya mapatano ya ajira kama ulivyo mshahara wa siku ya kazi. Lakini twamwonya yeye na wenziwe wasiondoke kimya kimya kwa hasira. Kutofika kazini bila ya ruhusa wala sababu ya halali ni miongoni mwa makosa ambayo kwayo sheria yamruhusu mwajiri kumfukuza mtu mara moja, na wengi waliokuwa na haki wameipoteza kwa kutoandika barua. Naandike. Apeleke cheti kwa barua yenye tarehe, abaki na nakili yake, na jawabu la mdomo aliombe kwa maandishi. Maelezo ya ugonjwa wake hapasi kuyasimulia mbele ya afisi nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imezihesabu khabari za afya ya mtu kuwa ni katika zile nyeti. Akiwa na chama cha wafanyakazi, akiendee mapema. Na akitishwa kufukuzwa, ajue kwamba kifungu cha 41 chamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha anayoifahamu mfanyakazi, mwenzake akiwapo, na amsikize kabla ya kukata shauri. Na kwamba Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hukaa papo hapo Eldoret.

Na yule mwenye kununua cheti hali ni mzima, asidhani kwamba maneno yetu yote yaliyotangulia ni kinga yake. Yeye hakumwibia tajiri tu. Amemwibia mgonjwa wa kweli atakayekuja baada yake, akitazamwa kwa jicho ambalo mwongo ndiye aliyelitia ukali. Tena wenziwe waliobaki ndio wanaoibeba kazi yake. Hili la wenzi, kwa kweli, hata mgonjwa wa haki hulihofu, na wengine hurudi kazini hawajapona kwa kuwaonea haya. Tumewaona. Twasema kwamba kugawanya kazi ni juu ya mkubwa, si juu ya mgonjwa, naye asiwaache watu wagombane wao kwa wao kwa upungufu ambao ni wake kuuziba.

Limebaki jambo moja linalozusha maneno. Kijana wa kwetu akipewa siku za kupumzika, huipanda gari akashuka pwani, masafa ya kilomita karibu 800, akakaa kwa mamake, na jioni huonekana Mama Ngina akipunga upepo. Khabari zikifika Eldoret, mkubwa husema: "Mgonjwa gani huyu atembeaye ufukweni?" Kama daktari ameandika kwamba alale kitandani, basi mkubwa ana hoja. Lakini maradhi haya mara nyingi dawa yake ni kutoka, na kulala, na kukaa na watu wanaompenda mtu. Na amwambie daktari tangu mwanzo kwamba ataka kwenda kwao, ili daktari aliandike hilo katika cheti, na barua ya kazini itaje mahali atakapokuwa na simu ya kumpata. Kisha aende zake akapunge upepo.