Mkuki wa Kubana Matumizi

Kila msimu wa uchaguzi hujitokeza mgombea aliyetajirika kwa biashara, akaahidi kuiendesha serikali kama alivyoiendesha kampuni yake: gharama zifyekwe, wavivu waondoke, hesabu zilingane. Wananchi humpenda upesi, maana wamechoshwa na misafara ya wakubwa, semina zisizokwisha na miradi iliyofia njiani. Lakini kubana matumizi ni kumnyima mtu kitu. Kabla ya kumshangilia, inafaa tujue anayenyimwa ni nani.

Ross Perot, tajiri wa Texas, aligombea urais wa Marekani mwaka 1992 bila chama, kwa zaidi ya dola milioni 60 za mfukoni mwake. Mwaka huo nakisi ya bajeti ilikuwa takriban dola bilioni 290, na deni la taifa lilikuwa limefikia dola trilioni 4. Alinunua nusu saa nzima za televisheni, akaketi na chati zake na fimbo ya kuonyeshea, akawasomea Wamarekani hesabu za nchi yao. Mamilioni walimtazama.

Kilichomtofautisha ni jinsi alivyogawa maumivu. Alitaka kodi ya petroli ipande senti 10 kwa galoni kila mwaka kwa miaka mitano, hadi ifike senti 50, katika nchi ambayo watu wengi hawafiki kazini bila gari. Alitaka pia wastaafu wenye kipato kizuri walipe kodi zaidi kwenye mafao yao. Hao hao ndio aliokuwa akiwaomba kura.

Linganisha na Mitt Romney, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital. Katika mdahalo wa wagombea urais wa Oktoba 2012 mjini Denver alisema ataisitisha ruzuku ya televisheni ya umma, PBS, ingawa anampenda Big Bird, yule ndege wa kipindi cha watoto. Ruzuku yote ya utangazaji wa umma ilikuwa kama dola milioni 445 katika bajeti iliyozidi trilioni 3.5, yaani senti moja na ushei katika kila dola mia. Wakati huohuo alitaka matumizi ya jeshi yasipungue asilimia 4 ya pato la taifa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: ni rahisi kukata fungu lisilo na mtetezi.

Perot naye hakuwa malaika. Kampuni yake ya EDS, aliyoianzisha mwaka 1962, ilinona kwa zabuni za kushughulikia madai ya Medicare, bima ya afya ya wazee inayolipiwa na serikali. Fedha za umma zilimtajirisha kabla hajaanza kuzihubiria nidhamu. Hilo halibatilishi hesabu zake, ila linatukumbusha kwamba matumizi ya serikali ni mapato ya mtu fulani, na aghlabu mtu huyo ana jina kubwa.

Alipata karibu asilimia 19 ya kura, wala hakushinda jimbo hata moja. Mwaka 1998, chini ya Rais Bill Clinton, bajeti ilipata ziada. Iliwezekana kwa sababu kodi zilipandishwa mwaka 1993, matumizi yakadhibitiwa, na uchumi ukakua. Kufyeka peke yake kusingetosha.

Ubahili haumfanyi mtu kuwa kiongozi, na ukarimu wa fedha za wengine haumfanyi mtu kuwa mwema. Uadilifu wa mbanaji huonekana pale anapogusa fungu la wafadhili wake na la watu wa kwao. Basi ndugu msomaji, atakapokuja jukwaani mgombea mwenye panga la kufyeka gharama, mwombe aseme hadharani, kwa tarakimu, ni lipi kati ya mafungu yanayowanufaisha yeye na marafiki zake litakalokatwa kwanza. Asipokuwa na jibu, usimpe kura yako.