Ajira Uhakika

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme karibu na soko la Sabasaba, Dodoma: "Kuwa msaidizi wa daktari wa meno. Miezi sita tu. Ajira uhakika, ndani na nje ya nchi." Binti aliyelisoma alikuwa ametoka Kibaigwa na baba yake kufuata vipuri vya mashine ya kukamulia alizeti. Msimtafute huko Kibaigwa, maana nimemtunga. Matangazo ya namna hiyo sikuyatunga.

Usiku akapekua simu. Akakuta kwamba mwaka 2023, huko Marekani, nusu ya wasaidizi wa madaktari wa meno walilipwa zaidi ya dola 46,540 kwa mwaka. Akapiga hesabu ya shilingi: zaidi ya milioni 9 kwa mwezi. Takwimu hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyomponza. Hakujiuliza kama kazi yenye jina hilo kule ina jina huku, wala kama njia ya kufika Marekani inaweza kuanzia kwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitenge.

Baba aliuza ng'ombe wawili. Siku ya kulipa ada chuoni aliuliza swali moja, na lilikuwa ndilo lenyewe.

"Mwalimu, serikali inawatambua?"

"Usajili unashughulikiwa, mzee wangu. Mwezi ujao tu."

Mzee akaona haya kuuliza mara ya pili mbele ya mtu aliyevaa tai. Akahesabu noti, akapewa risiti isiyo na muhuri.

Tusiwaonee wenye chuo, walimfundisha kitu. Alijifunza kushika mrija wa kunyonya mate bila kumkwaruza mgonjwa, kuchanganya dawa ya kuzibia jino kabla haijaganda, kupanga koleo kwenye trei kwa mfuatano ambao daktari atazihitaji, na kutakasa vifaa kwenye mashine ya mvuke. Mikono yake ikawa mizuri. Shida ilikuwa karatasi.

Alipofungua Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi serikalini, alikuta daktari wa meno, tabibu wa meno, muuguzi, mhudumu wa afya. Yeye hakuwamo. Katika hospitali zetu anayesimama kando ya kiti cha meno mara nyingi ni muuguzi au mhudumu, na kwenye vituo vingi tabibu hujishikia vifaa mwenyewe. Cheti cha binti hakikuwa na kada, na asiye na kada hana ngazi ya mshahara. Mei Mosi 2025 Rais Samia alipotangaza kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, binti aliisikia habari hiyo redioni akiwa anadeki sakafu ya kliniki binafsi. Haikumhusu.

Daktari mwenye kliniki hakuwa mtu mbaya. Alimjaribu siku moja, akamwambia, "Kazi unaijua, dada, sikatai. Ila wakija wakaguzi, cheti hiki nitamwonyesha nani?" Akamwandika mfanya usafi, akawa anamlipa posho ya siku. Mgonjwa akikaa kitini, mfanya usafi huyo anavaa glavu na kushika mrija.

Kinachouma ni kwamba njia halali ilikuwepo, na pengine ingemgharimu baba ng'ombe wengine wachache tu. Stashahada ya utabibu wa meno ni miaka 3. Wanaoingia ni waliofaulu kidato cha nne, na kemia, baiolojia na fizikia zikiwamo. Vyuo vya Tanga na Mbeya vimewafundisha matabibu hao kwa miaka mingi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada, na utabibu wa meno uliwekwa kwenye orodha ya kozi za kipaumbele. Anayehitimu husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na tangu hapo anapima, anang'oa na kuziba jino kwa jina lake mwenyewe.

Sisemi kwamba tabibu akihitimu tu ameajiriwa. Nafasi za serikali hutangazwa kwa awamu, na wapo wenye vyeti halali waliorudi kulima wakisubiri. Lakini tangazo likitoka, hao wana nafasi ya kuomba. Na Dodoma inayopanuka tangu serikali ihamie inahitaji watu wa meno; kliniki binafsi zikimpata aliyesajiliwa zinaweza kumwandikia mkataba, naye akakaa mezani kujadili mshahara.

Baraza linalosajili vyuo hivi, NACTVET, lina makao makuu Dodoma hapo hapo, mwendo wa bodaboda kutoka Sabasaba. Mzazi, kabla hujafungua zizi, nenda ukaulize kama chuo hicho kimesajiliwa, na kama kozi hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, imo kwenye mwongozo wao wa udahili. Halafu mwombe mwenye chuo akuonyeshe tangazo hata moja la ajira ya serikali lenye kada hiyo. Akikujibu kwamba usajili unashughulikiwa, aga kwa heshima, panda basi, urudi nyumbani na hela yako.