Sonona, dawa na subira: Ni subira ipi tuliyoamrishwa?

KUNA kauli imezoeleka majumbani mwetu, na wakati mwingine hata juu ya mimbari, kwamba Muislamu wa kweli hapatwi na ugonjwa wa huzuni. Akionekana mtu halali usiku, hali, hacheki na watoto wake, amekaa chumbani wiki ya tatu hataki kuonana na watu, huambiwa imani yake imepungua, azidishe nyiradi na asubiri. Akienda hospitali akapewa vidonge, huambiwa ameikimbia subira. Na akivimeza siku nne, tumbo likamchafuka na mikono ikaanza kumtetemeka, huambiwa: "Si tulikwambia? Acha hizo dawa, zitakumaliza."

Ndugu msomaji, kauli hizi si maneno tu. Kuna watu wameacha dawa kwa sababu yake, na katika hao wapo waliorudi kwenye kiza kizito kuliko kile walichotoka. Kwa hiyo hebu tulitazame suala hili kwa utulivu. Tumeamrishwa kusubiri, hilo halina mjadala. Swali ni: tusubiri juu ya kitu gani?

Kwanza tuondoe dhana kwamba huzuni nzito ni dalili ya kukosa imani. Qur'an inatueleza habari za Nabii Yaaqub (AS), ambaye macho yake yalipofuka kwa huzuni ya kumkosa mwanawe Yusuf (AS). Inatueleza habari za Bibi Maryam (AS), ambaye katika uchungu wa uzazi alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku ile na akasahaulika kabisa. Nani atathubutu kusema hawa walipungukiwa imani?

Wanazuoni wetu wa zamani waliliona hili mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu bila sababu yoyote anayoijua. Hii ya pili aliihusisha na mwili wenyewe, na akaona itibiwe pia kwa dawa za mwili. Haya yaliandikwa na Muislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Leo tunaambiana kwamba dawa ya huzuni ni jambo lililoletwa na wazungu!

Ama kujitibu, mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akiwafahamisha kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hakusema ugonjwa wa tumbo unatibiwa lakini ugonjwa wa moyo uliofunikwa na kiza hautibiwi. Na mwaka 1992 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, waliokutana Jeddah, waliamua kwamba asili ya kujitibu ni jambo la kisheria, na kwamba huwa wajibu pale ambapo kuacha kunaweza kuangamiza nafsi. Sonona iliyofika mahali mgonjwa anawaza kujiua ni ugonjwa unaoweza kuangamiza nafsi.

Hata hivyo, wapo watakaoleta hoja yenye uzito zaidi. Watatukumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (RA), ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa. Alimwendea Mtume (SAW) kumuomba dua. Akapewa hiari: asubiri na malipo yake ni Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Basi kwa nini na mgonjwa wa sonona asisubiri?

Hoja hii tuijibu kwa adabu, kwa sababu ni hadithi sahihi. Jambo la kwanza, mwanamke yule alipewa hiari. Hakuchaguliwa na shemeji, wala jirani, wala imamu wa msikiti. Aliyechagua ni yeye mwenyewe, na aliyempa ahadi ya Pepo alikuwa anapokea wahyi. Sisi tunapomwambia mgonjwa "subiri bila dawa", tunamlazimisha chaguo ambalo Mtume (SAW) hakumlazimisha, na hatuna ahadi ya kumpa.

Jambo la pili ndilo tunalolisahau. Mwanamke yule, baada ya kuchagua subira, hakunyamaza. Alisema kwamba akishikwa na ugonjwa wake hufunuka nguo, akaomba aombewe asifunuke. Akaombewa. Yaani hata aliyechagua kubeba ugonjwa, aliomba aondolewe lile linalomdhalilisha ndani ya ugonjwa huo. Subira yake haikuwa ukimya. Hapa ndipo penye fundisho kwa anayeanza dawa za sonona.

Tuzitazame basi dawa zenyewe. Zinazotolewa sana ni za aina ya fluoksetini na setralini, na ile kongwe ya amitriptilini. Tabia yao moja ni ngumu kuliko zote: mara nyingi taabu hutangulia, nafuu hufuata. Anayeanza fluoksetini au setralini huweza kupata kichefuchefu, kuharisha, kuumwa kichwa, jasho, wasiwasi ulioongezeka na usingizi kupotea. Anayeanza amitriptilini huweza kukaukiwa mdomo, kufunga choo, kulewa usingizi, kuona ukungu, na kizunguzungu anapoinuka ghafla. Kwa watu wengi taabu hizi hupungua ndani ya wiki moja mbili hivi. Lakini nafuu yenyewe kwa kawaida huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na kukamilika kwake kunaweza kuchukua wiki sita au zaidi.

Fikiria mtu ambaye tayari hana nguvu ya kuoga. Anameza kidonge, siku ya tatu anajisikia vibaya kuliko alivyokuwa, na hakuna aliyemwambia kwamba itakuwa hivyo. Si atakitupa chooni? Hospitalini tumezoea kuziita taabu hizi "maudhi madogo madogo". Madogo kwa nani? Kwa aliyeyaandika ni madogo. Kwa anayeyabeba, huku haamini kama kesho kuna kheri yoyote, ni makubwa.

Hapa ndipo subira inapopata mahali pake. Tumeamrishwa kusubiri juu ya utii, na kujitibu kwa nia ya kuhifadhi nafsi ambayo ni amana ya Allah (SW) ni katika utii. Basi mwenye kumeza kidonge kila siku kwa wiki tatu, tumbo likimchafuka, akisali, akingoja nafuu ambayo bado haioni, huyo hajaikimbia subira. Huyo yumo ndani yake. Anayemcheka ndiye hajui subira ni nini.

Lakini tahadhari: subira hii ina mipaka, na mipaka yake ni kama ya yule mwanamke. Asubiri, ila aseme. Nabii Ayyub (AS) alimlalamikia Mola wake kwa madhara yaliyompata, na bado Allah akamsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Kumweleza daktari kwamba dawa inakutesa si kukufuru neema. Mara nyingi yapo mambo mepesi ya kufanya: kuanza na kipimo kidogo, kumeza baada ya chakula, kuhamishia asubuhi dawa inayofukuza usingizi, au kumeza mapema jioni ile inayoleta usingizi, ili Alfajiri isikupite. Daktari anaweza pia kubadilisha dawa. Ikiwa mwezi wa Ramadhani umekaribia, muulize kama dozi yako ya siku inaweza kuhamia daku au futari. Na akikuambia kwamba kwa sasa funga itakudhuru, kumbuka kuwa ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, haikutungwa na daktari.

Lipo na jambo ambalo watu hulionea haya. Dawa hizi huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na hili kwa baadhi ya watu haliondoki baada ya wiki mbili. Waume wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hii, wala hawamwambii daktari wala mke. Bibi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuijua dini yao. Basi haya isituzuie kuuliza jambo linalogusa haki za ndoa. Likisemwa, linaweza kutafutiwa njia. Likifichwa, ndoa itayumba na ugonjwa utarudi.

Na zipo dalili ambazo si za kusubiriwa hata siku moja. Mgonjwa akianza kuwaza kujiua, au mawazo hayo yakizidi, akipata fadhaa kali asiyoweza kukaa nayo, akiwa halali kabisa na ghafla akachangamka kupita kiasi, akipata homa pamoja na kutetemeka na kuchanganyikiwa, akivimba uso, akizimia au akishindwa kupata haja ndogo, arudishwe hospitali haraka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru mwaka 2004 tahadhari nzito iandikwe kwenye dawa hizi kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 ikaongeza vijana mpaka umri wa miaka 24. Maana yake si kwamba kijana asitibiwe. Maana yake ni kwamba asiachwe peke yake katika wiki zile za mwanzo.

Kutoka hapo linazaliwa suala la maadili linalotuhusu sisi wazima, maana mgonjwa tumeshamwambia mengi. Mtume (SAW) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka akakuta chini kumelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha kilicholowa. Daktari au muuza dawa anayempa mtu vidonge bila kumwambia taabu ya mwanzo, kwa hoja kwamba atamtisha, naye ameficha kilicholowa. Mgonjwa aliyeambiwa ukweli, kwamba wiki mbili hizi zitakuwa ngumu na sababu yake ni hii, huvumilia. Aliyefichwa hukimbia, na akikimbia haamini tena hospitali.

Ndugu wa mgonjwa nao wana dhamana yao. Wapo wanaoona mtetemo wa siku ya tatu wakasema jini limekataa dawa. Kusoma ruqya ni jambo jema, na wala haligombani na kidonge. Msomee na umpe maji ya kumezea dawa. Ubaya ni kumnyang'anya dawa, au kumchanganyia mitishamba na vidonge vingine vya maumivu bila daktari kujua, kwani baadhi yake, kama tramadol, huweza kugongana vibaya na dawa hizi. Ubaya mwingine ni kumwambia aache siku moja kwa kuwa "sasa umepona". Dawa hizi zikikatwa ghafla huweza kuleta kizunguzungu, hasira, kukosa usingizi na hisia kama za kupigwa shoti kichwani. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo ya daktari.

Jirani na imamu nao hawajasalimika. Mtume (SAW) alifundisha talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa mfiwa, kwamba hupumzisha moyo na kuondoa baadhi ya huzuni. Tazama hekima: huzuni ilipelekewa bakuli la uji, haikupelekewa mawaidha matupu. Mgonjwa wa wiki ya kwanza ambaye tumbo limemchafuka anahitaji uji, mtu wa kulala chumba kimoja naye, mtu wa kumtunzia vidonge hasa ikiwa ni amitriptilini, kwa sababu ikimezwa mingi kwa pamoja inaua. Mihadhara inaweza kungoja.

Wapo bado watakaosema kwamba kuitegemea dawa ni kuikimbia Qadar. Umar bin Khattab (RA) alipogeuza msafara wake njiani kuelekea Sham kwa sababu ya tauni, Abu Ubayda (RA) alimuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Jibu lake lilikuwa kwamba anaikimbia Qadar ya Allah kuiendea Qadar nyingine ya Allah. Dawa nayo imo humo humo. Mwaka 1952, hospitalini Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakijaribiwa dawa mpya walionekana wamechangamka kuliko ilivyotarajiwa, na kutokana na hilo madaktari wakaanza kufikiri juu ya dawa za huzuni. Yaani tiba hii ilianza kuonekana ikiwa ni athari ya pembeni ya dawa ya kifua. Mwenye kuziweka tiba mahali watu hawakuzitafuta ni Allah peke yake.

Basi tusimpe mgonjwa mitihani miwili, wa ugonjwa na wa ndimi zetu. Anayemeza kidonge chake leo, kichwa kinamuuma na nafuu haijafika, tumwambie kweli: bado kitambo, sema kinachokusumbua, sisi tupo. Na tumuombee, kwani anayeponya ni Allah, na dawa ni sababu tu.

Wabillahi tawfiq.