Kumsubiri Samaki Atoke

Wengi wetu samaki tunamjua kwenye kikaango. Sato, perege, migebuka, dagaa wa Kigoma: tunajua ladha ya kila mmoja, bei yake sokoni, na yupi ana miiba ya kumtesa mtoto. Ukituuliza anavyoishi, anavyojenga na anavyolea, tunanyamaza. Mimi majibu nilianza kuyapata nilipokuwa najifunza kupiga picha kwa kamera ya dijitali mbele ya tangi la kioo sebuleni kwangu.

Samaki wa tangi hilo asili yao ni Ziwa Tanganyika. Ni jamaa ya sato, ingawa ukiwaona utaukataa undugu huo, maana hata mkubwa wao hafiki urefu wa kidole. Wataalamu wanawaita Neolamprologus multifasciatus. Huko ziwani wanakaa ndani ya makombe matupu ya konokono, wengi pamoja kama mtaa mmoja, na mle ndani ndimo wanamotagia mayai na kujificha adui akipita.

Anayeanza kupiga picha za samaki, nampendekezea hawa kabla ya wengine wote, kwa sababu wana makazi. Samaki wa kuzurura utamfuata na lenzi kutoka pembe hadi pembe mpaka mkono ufe ganzi. Huyu wa kombeni ana mlango wake, na hapo mlangoni atarudi tu. Unaulenga mlango, unatulia.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya kamera kuguswa. Kioo kisuguliwe pande zote mbili, nje kuondoa alama za vidole na ndani kuondoa utando wa kijani, kisha maji yaachwe mpaka vumbi litulie. Taa za sebule zizimwe, mapazia yashushwe, ibaki taa ya tangi peke yake. Vaa nguo nyeusi, kwani shati jeupe litaonekana kwenye kioo kuliko samaki mwenyewe. Lenzi ikae karibu na kioo na ikitazame moja kwa moja. Ukiilaza upande, kioo na maji vinapinda mwanga na picha inatoka na ukungu. Flashi ya kwenye kamera izime. Itagonga kioo na kukurudishia doa jeupe. Badala yake pandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 800 au 1600, picha ikiota chembechembe vumilia, halafu kasi ya shata usiishushe chini ya 1/125 ya sekunde. Fokasi iweke kwenye jicho. Jicho likiwa kali, mkia hata ukififia mtazamaji hatalalamika.

Mpwa wangu ana miaka tisa, na siku moja alichoka kuniona nimekaa.

“Mjomba, si upige tu? Hizi picha hazilipiwi.”

“Bado hajatoka, mama. Subiri kidogo.”

Hoja yake ilikuwa ya kweli kabisa. Enzi za filamu ulikuwa na picha 36, na kila moja ililipiwa kuisafisha, kwa hiyo ulifikiri kabla ya kubonyeza. Leo unaweza kupiga mia tano bila kutazama hata mara moja, na wengi ndivyo tunavyofanya, harusini na hata msibani. Samaki mdogo hakukubalii. Ukimgongea kioo au ukimsogelea kwa pupa, anaingia kombeni. Na samaki wengi wakitishwa hupauka rangi, hivyo picha ya samaki aliyekimbizwa ni picha ya hofu, hata ikiwa kali namna gani. Mimi picha ya namna hiyo siiweki.

Basi tukakaa. Jike likatokeza macho, likatazama kulia na kushoto, likatoka lote. Likainama, likajaza mchanga kinywani mpaka mashavu yakatuna, likaogelea hatua ya vidole viwili na kuutema. Kisha likarudi kuchota tena. Hivyo ndivyo linavyofukua mlango wa nyumba yake. Kwa shata ya 1/250 punje za mchanga zinaonekana zimening’inia majini mbele ya mdomo, moja moja. Mpwa wangu aliitazama picha hiyo kwenye kioo cha kamera, akauliza kama lile jike lina watoto mle ndani. Tangu hapo hajauliza tena kwa nini nasubiri.

Inaniuma kwamba maswali kama lake yamejibiwa zaidi mbali na ziwa lenyewe. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki hai kutoka Burundi, alitoa kitabu kizima juu ya samaki wa Tanganyika mwaka 1978, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawajua samaki wetu kwa majina na kwa tabia. Sisi tunaokaa nao tumebaki na bei ya kilo.

Mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu bila nyavu ni mizito kwa familia ya mvuvi, na siidharau shida hiyo hata chembe. Lakini mazungumzo niliyoyasikia mimi yalikuwa ya kitoweo tu, samaki anayezaa hakutajwa. Natamani shule za Kipili, za Kasanga na za Kigoma ziwe na tangi moja kila moja: maji ya ziwa, mchanga, makombe, na samaki wachache wa hapo hapo. Mwanafunzi apewe samaki mmoja wa kumfuatilia muhula mzima, ampige picha akifukua, akigombana na jirani, akilinda watoto, kisha aeleze darasani alichokiona. Gharama kubwa ni kioo na pampu ya hewa. Kamera si lazima inunuliwe, simu ya mwalimu inatosha kuanzia.