Subira Isiyo na Shahidi

Kwa miaka mingi, kitabu cha Porsche 911 kimemwomba mwenye gari jipya asivuke mizunguko 4,000 kwa dakika katika kilomita 3,000 za mwanzo. Ringi za pistoni na kuta za silinda bado zinasuguana, zinazoeana. Chevrolet Corvette ya kizazi cha nane haiishii kuomba: kompyuta yake hubana nguvu katika gia za chini hadi takriban kilomita 800 zipite.

Nani kati ya madereva hawa wawili ana subira? Wa Corvette amezuiwa tu. Hatujui angefanya nini. Wa Porsche yuko peke yake na barabara nyeupe, na hakuna atakayemuuliza.

Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika tuna sababu ya kulijali swali hili. Pupa ya mwanzo huenda isimdhuru mwenye pupa, kwa kuwa atakuwa ameshauza. Injini ikianza kula oili, atakayelipa ni mnunuzi wa pili. Kwangu, basi, subira hii si utunzaji wa mali tu. Ni deni kwa mtu usiyemjua. Kompyuta inaweza kukulipia, lakini haiwezi kukufanya mwaminifu.