Nani Afungue Mlango wa Mgonjwa?

Filamu ya maisha ya mtu aliyeteseka huhukumiwa kwa mambo mawili: uzuri wa filamu yenyewe, na wema au ubaya wa mtu anayeonyeshwa. Lipo jambo la tatu, kubwa kuliko hayo, nalo huulizwa mara chache: ni nani aliyetufungulia mlango tukaingia chumbani mwa mgonjwa?

Mwaka 1989 Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda aliyekuwa akiishi Uswidi, alitangaza kwamba ana UKIMWI. Hakuna Mganda mashuhuri aliyethubutu kusema hivyo kabla yake. Alirudi kwao akapita mashuleni na makanisani, akiimba na kuonya, na tarehe 15 Desemba mwaka ule ule akafariki dunia. Filamu ya Born in Africa, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1990, inamfuata katika safari hiyo, nguvu zake zikipungua.

Watu wengi walimlilia. Wengine walisema kwamba anadanganya, kwamba amelipwa, kwamba anatafuta jina. Mhakiki naye aweza kuleta shutuma ya namna nyingine, kwamba jicho la mgeni limezoea kumtazama Mwafrika anapokufa kuliko anapoishi. Shutuma hii ina uzito, lakini haimfiki Lutaaya. Yeye mwenyewe aliufungua mlango, akajua anamfungulia nani na kwa sababu gani. Kumwambia kwamba amedhalilishwa ni kumnyang'anya uamuzi wake.

Mfano wa pili ni Freddie Mercury, mwimbaji wa roki aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Yeye alinyamaza mpaka tarehe 23 Novemba 1991, akautangaza ugonjwa wake, na kesho yake akafa. Filamu zilizotungwa baadaye juu ya siku zake za mwisho zimeingia katika chumba alichokifunga. Huenda zina manufaa. Lakini kitendo kile kile ambacho kwa Lutaaya kilikuwa kupokea zawadi, kwa Mercury chakaribia kuwa kuchukua bila kupewa.

Basi je, kimya ndiyo heshima? Hapo ndipo nafsi yangu hunisuta. Nilipokuwa mtoto hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, mjomba wangu aliugua muda mrefu, wakati ambapo dawa tulizo nazo leo hazikuwapo. Kwa Waluguru mjomba ni mtu mzito, maana ukoo hufuata upande wa mama. Alipokufa tuliambiwa ni homa ya mapafu. Wakubwa walijua, majirani walijua, na jina la ugonjwa likazikwa pamoja naye. Tuliufunga mlango kwa niaba yake, tukauita ufungaji huo stara.

Sasa naona kwamba afunguaye mlango wa mwenzake bila idhini, na aufungaye bila idhini, wote wawili wamekosa kosa moja: wamemfanya mgonjwa kuwa mali yao. Mhakiki asiyeuliza juu ya idhini hajaanza kazi yake, hata akisifu picha na sauti kwa ufasaha wa namna gani.

Labda mjomba angechagua kimya. Labda alikuwa na neno la kutuonya, sisi watoto tuliokuwa tukicheza uani. Sitajua kamwe, kwa kuwa hatukumwuliza.